Kanzu Mbili kwa Siku

Jumatatu, 29 Septemba

Nimefagia ua, nimeosha masufuria, nimeswali adhuhuri. Binti yangu Rukia yuko shuleni Mushasha anafundisha, hatarudi mpaka saa kumi. Zimebaki siku ishirini na sita za eda. Ndani tu, ndani tu. Hata mtaa wetu wa Magarama nausikia kwa masikio, siuoni.

Uzi mweupe umeniishia. Nikafungua chumba cha kazi cha Ramadhani, mara ya kwanza tangu afariki. Ufunguo nauvaa shingoni, hakuna mwingine. Vumbi. Harufu ya mafuta ya mashine. Dirisha la barabarani limefungwa kama nilivyoliacha. Kanzu aliyokuwa akiishona bado iko mezani, sindano imezama kwenye kitambaa, pindo linaning'inia karibu na sakafu. Sikuigusa. Kwao kazi ya marehemu haiguswi mpaka mjane atoke eda. Mama yake alinikumbusha mara tatu siku ya msiba, kana kwamba mume huyo niliazimwa.

Ukutani, kati ya waya wa cherehani na plagi, kipo kile kipima umeme chake. Kidude cheupe cha kuchomeka, kina kioo chenye namba, betri yake ndogo na kitufe kimoja. Kitufe alinikataza kukibonyeza, eti nitafuta kila kitu. Alikinunua mwaka jana, uniti zilipokuwa zinatuishia na hatujui zinakwenda wapi. Akapima friji, akapima pasi, akapima birika langu la chai na kunisema. Alinichosha. Mwisho akakiacha kwenye cherehani, akagundua kwamba kanzu moja inakula uniti 0,06. Kila jioni aliiandika namba ya kwenye kioo katika daftari.

Namba ya mwisho katika daftari, jioni ya kabla ya siku aliyofariki: 55,04. Kesho yake alishona asubuhi tu.

Leo kioo kinasema 64,18.

Nimegawanya mara mbili kwenye karatasi. Kanzu mia moja na hamsini na mbili.

Nimetoka bila uzi.

Jumanne, 30 Septemba

64,30. Kanzu mbili tangu jana.

Komeo la dirisha limeshika kutu, halijaguswa. Kufuli ni ileile. Vumbi la sakafuni lina nyayo zangu peke yake. Nimemuuliza Rukia kama ana ufunguo wa pili. Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi anayedai daftari limeliwa na mbuzi.

Naogopa. Simwambii mtu.

Alhamisi, 2 Oktoba

64,54. Siku mbili, kanzu nne. Hachoki.

Nimeandika "hachoki" na sikusema nani. Basi niandike. Ramadhani.

Nimefurahi. Miezi zaidi ya mitatu sijafurahi, leo nimefurahi, na nimeona aibu, kisha aibu ikaondoka. Alipokuwa hai kanzu ya mtu ilikaa wiki mbili, wenyewe wanakuja kulalamika mlangoni na mimi ndiye wa kuwadanganya. Sasa hivi mbili kwa siku bila kukosa. Mwanaume huyu ilibidi afe ndipo ashike bidii.

Vitambaa havijapungua. Uzi haujapungua. Nimejiambia kwamba wafu hawashoni kwa uzi wetu.

Jumapili, 5 Oktoba

Juzi 64,66. Jana vilevile, haikusogea hata kidogo. Nilikaa siku nzima nikidhani kaondoka. Halafu Rukia akanikumbusha kwamba umeme ulikatika tangu Ijumaa alasiri. Kumbe. Bila umeme hata angekuwa hai asingeshona.

Usiku wa kuamkia leo umerudi. Leo 64,72. Kanzu moja. Nikamwelewa.

Nimeweka kiti nje ya mlango wake. Baada ya alasiri nakaa hapo na kumweleza habari za nyumbani. Rukia amepandishwa, atafundisha darasa la sita. Paa la jikoni linavuja palepale alipoahidi kuziba. Nimemwekea na chai ya tangawizi. Ilipoa, nikainywa mwenyewe. Sijafikia hatua ya kumwaga sukari.

Jumatano, 8 Oktoba

65,08. Tatu mara mbili, kanzu sita. Hesabu inakaa sawasawa kila siku. Haizidi, haipungui. Kitu hicho kinanituliza, na kidogo kinanisumbua, sijui kwa nini.

Wifi Mwajuma kapiga simu kutoka Muyinga. Ndiye dada pekee wa Ramadhani, fundi kama yeye, ila yeye bado anatumia cherehani ya kukanyaga. Tulishakubaliana wote, mbele ya ukoo, kwamba eda ikiisha mashine ya umeme iende kwake.

"Wifi, mi siwezi tena kukanyaga. Mguu iko inavimba mupaka kwa goti. Ile mashini itakuja lini?"

Amepata kazi ya majoho thelathini ya kwaya ya Gasorwe, wanayataka kabla ya Noeli. Wanawake wa kwaya wanashuka vilima kwa miguu kuja kupimwa, na yeye hana mguu wa kuwashonea. Hana mume, hana shamba. Ana sindano tu.

Nikamjibu kwamba mashine bado iko kazini.

Kisha akauliza kama nakula vizuri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Rukia amenikuta kwenye kiti.

"Mama, unaongea na nani?"

Nikasema naswali. Mimi, na umri huu, namdanganya mtoto kwa jina la swala. Amekwenda chumbani kwake na nimesikia akimpigia Mwajuma simu, kwa sauti ndogo, Kirundi na Kiswahili vikichanganyika. Wanasema nipelekwe Muyinga, nyumba ifungwe. Mambo yangu yanajadiliwa nyuma ya ukuta kana kwamba nami nimekufa.

Siendi. Na mashine haiendi. Nimeamua leo. Mwajuma ana mguu mbaya, namwonea huruma kweli, lakini ndugu yake yuko kazini humu ndani na mimi siwezi kumnyang'anya chombo mikononi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwajuma kapiga tena. Kwaya imempa mpaka mwisho wa mwezi. Asipoanza, kitambaa wanampelekea fundi mwingine. Hakulia. Ningependa angelia, ningemkasirikia.

Baada ya simu nimelichukua daftari la Ramadhani nisome mwandiko wake. Nilikuwa sitafuti kitu. Nimefika kurasa za mwezi wa pili, nikaona namba za Ijumaa. Kila Ijumaa ongezeko ni dogo. Nusu ya siku nyingine, au chini yake. Bila shaka. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sijaona mtu huyo akigusa mashine Ijumaa tangu saa tano asubuhi. Anaoga, anavaa, anakwenda msikitini, anarudi, anakula, analala. Hata arusi ya mkuu wa mkoa isingemtoa kitandani.

Nimerudi kwenye daftari langu. Ijumaa ya tarehe tatu umeme ulikuwepo mpaka alasiri. 0,12 kutoka Alhamisi. Kanzu mbili.

Nimefunga madaftari yote mawili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeingia kabla ya adhana ya kwanza, nikakaa kwenye kigoda, mgongo mlangoni. 66,05.

Barabarani watu walikuwa wanapita kwenda msikitini, nasikia kandambili na salamu. Halafu kimya. Hotuba ikasikika kwa mbali. Mimi natazama mashine. Gurudumu halikuzunguka. Sindano haikupanda wala kushuka. Kanzu haikutikisika. Hakuna upepo, hakuna panya, hakuna pumzi ila yangu.

Watu walipoanza kurudi nikageuka kutazama kioo. 66,06.

Ramadhani hashoni saa ya swala ya Ijumaa. Hakushona akiwa hai, hataanza akiwa kwa Mola wake.

Kwa hiyo aliyemo humu si yeye. Chai ile nilikuwa nampa nani?

Jumamosi, 18 Oktoba

Sijaingia. Nimekiondoa kiti. Mchana kutwa nimekaa jikoni mlango ukiwa wazi na redio juu.

Nimemwambia Rukia kila kitu, namba zote. Hakucheka. Nilidhani atacheka. Akanishika mikono, akasema Jumatatu ataomba ruhusa tuingie pamoja. Nikamwambia aende kazini. Niliyeongea na huyo wa ndani ni mimi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Saa nne asubuhi. Jua kali, watu barabarani, muuza ndizi anaita. Nimesoma Ayatul Kursiyu mara tatu mlangoni, nikaingia.

Kuchomoa kidude ukutani ningeweza. Lakini kuchomoa si kujua, na mimi nilitaka kujua ni nani. Nikatafuta kila pembe. Kabati, nyuma ya mlango, chini ya marobota ya kitambaa. Sehemu moja tu sijawahi kuitazama, nayo ni chini ya meza, nyuma ya pindo la ile kanzu. Kwa sababu ya mwiko. Zilibaki siku tano. Nikamwomba Mungu msamaha, nikapiga magoti, nikaliinua pindo.

Palikuwa na taa ya kijani. Ndogo, kama punje ya dengu. Inawaka.

Nikaitazama na yenyewe kama inanitazama. Pembeni yake swichi, imebonyezwa ndani.

Nikaenda kwenye kipimo, nikakibonyeza kile kitufe nilichokatazwa. Hakikufuta chochote. Kilionyesha ukurasa mwingine ambao sikujua upo: wati 5. Wati tano, saa ishirini na nne. 0,12. Kanzu mbili.

Hakuna mtu. Mashine imewashwa, basi. Inasubiri mguu.

Alhamisi ile aliyofariki alikaa, akainama, akaiwasha. Alishona mpaka adhuhuri, akaanguka kutoka kwenye kiti. Tukambeba. Mimi niliyejaa akili nilizima jiko, nikazima redio, nikafunga dirisha, kwa kuwa wageni wangekuja. Chini ya meza sikuangalia. Hakuna aliyeangalia. Tumemwosha, tumemswalia, tumemzika, tumemsomea hitima, na mashine yake muda wote huo imekaa inamngoja, usiku na mchana, kila umeme ulipokuwepo, inakula kidogo kidogo.

Nimekaa sakafuni nikalia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi niliondokewa na maiti. Leo nimeondokewa na mtu aliyekuwa nyumbani.

Sikuizima. Kidole cha mwisho pale ni chake.

Jumapili, 26 Oktoba

Eda imeisha jana. Nimeoga, nimevaa gauni la maua, majirani wamekuja wakala pilau. Mimi nilikuwa nahesabu saa waondoke.

Leo asubuhi nimeingia na Rukia. Alitaka kusaidia. Nikamwambia asimame mlangoni tu. Nikainama. Nikasema bismillahi, nikasema, Ramadhani, naizima sasa. Swichi ni ngumu, inataka nguvu kuliko nilivyodhani. Taa ikafa. Kwenye kioo 5 ikawa 0.

Hakuna kilichobadilika chumbani. Hata kimya ni kilekile.

Nikageuza gurudumu kwa mkono, polepole, sindano ikapanda, nikaitoa kanzu. Rukia kampigia shangazi yake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Muyinga. Tumefika jana. Mafuta ni shida, ilibidi tungoje siku mbili lori la maharage lenye nafasi. Mashine ilisafiri imefungwa kwenye godoro, mimi niliketi mbele na dereva kama bibi harusi mzee.

Mguu wa Mwajuma ni mbaya zaidi ya alivyosema. Amenitandikia kitanda chake, yeye analala mkekani. Nimekataa, amekataa, nikalala kitandani.

Leo baada ya chakula nilijinyoosha. Ukuta ni mwembamba. Nikaisikia mashine. Mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Nikafumba macho nione kama nitadanganyika, lakini haikuwezekana. Ramadhani alikuwa anakwenda na kusimama, anakwenda na kusimama, anafikiri. Mwajuma anavuta mshono mrefu bila kupumzika, kama mtu aliyecheleweshwa. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Majoho mawili yamekwisha kukatwa.

Alasiri ilipoadhiniwa, mashine ikanyamaza. Nikangoja. Nikasikia kigoda kikisogezwa, nikasikia akiguna kwa ajili ya goti, akiinama. Kisha swichi, akaizima.

Nikaamka kwenda kutawadha.