Upinde wa mpera

Buyenzi, Jumapili, 1999

Upinde wa marehemu baba ulichukuliwa Ijumaa saa tisa, nilipokuwa nikiuleta kwangu kutoka nyumbani kwake, kwenye bariyeri, kile kizuizi cha askari cha njia ya Gatumba. Askari alisema ni silaha. Ulitundikwa ukutani kwake miaka thelathini, haujamgusa hata kuku!

Basi nimejitengenezea mwingine. Tawi la mpera, shibiri saba. Upande wa mgongo sikuugusa kwa kisu, nilipunguza tumboni tu, upande unaomtazama mpigaji, kidogo kidogo. Jana mkono wa chini wa upinde ulikuwa mgumu, kupinda kwake kumepishana na wa juu kwa vidole viwili. Leo nimeukwangua kwa kigae cha chupa, nikavuta kamba, na upinde ukapinda sawasawa pande zote! Nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni.

“Baba Shabani, wakikuja kukagua nyumba, utawaambia ni mwiko wa ugali?”

“Mi nitawaambia ni mti.”

“Na kamba hiyo, ya kuanikia nguo?”

Nilicheka, lakini anaogopa, na ana haki. Ila kuuchoma kama anavyotaka, apana, siwezi.

Kesho kabla ya adhuhuri nataka shefu wa karitie, mkuu wa mtaa wetu, aniambie kwa mdomo wake: nautundika ukutani, ndiyo au apana? Ile “tutaona” yake ya kila siku sitaki kuisikia.