Makaye ya Riziki

Kamembe, Jumatano

Kwa dada yangu mukubwa Mwamini, kule Kalemie.

Dada, mbele ya yote: nimefanya mubaya. Nimekosea mutoto wangu Riziki, nimekosea mama yake Sakina, na nimeacha jirani yetu aitwe mwizi juu ya kitu nilifanya mimi. Hapa nyumbani hakuna muntu anajua. Wewe njo wa kwanza.

Salaam aleikum, dada yangu. Mguu wako unaendeleaje? Shemeji ameacha kukohoa? Na boti, zinafika tena toka Uvira ao basoda bangali banazirudisha? Sisi huku afya iko, Mungu ashukuriwe, na chakula ya siku inapatikana siku yake. Ila ile barua yako ya mwisho imeniuma. Umesema mimi ni papa muzuri, kwamba hata vita imetutupa huku ng'ambo ya Rusizi, batoto bangu banasoma. Nilisoma ile mustari mara tatu, halafu nikakunja barua nikaiweka chini ya misumari, mu kisanduku ya kazi, nisiione. Usiniite vile tena.

Nitakueleza toka mwanzo, juu sikukuambia vizuri namna gani batoto banasoma.

Tulipovuka daraja Riziki alikuwa na miaka kumi. Kule Bukavu alikuwa mwaka wa ine. Nikamupeleka ku masomo hapa, direkteri akamuuliza kitu mu Kinyarwanda, mutoto hakusikia hata neno moja. Direkteri akasema, "Aanze na ba mwaka wa kwanza." Dada, mutoto wangu akakaa siku tatu ku benchi moja na batoto ba miaka sita, magoti yake karibu na kidevu, na banamuita mukecuru, ni kusema bibi kizee. Siku ya ine akashika mbao ya kitanda, akasema asimutoe muntu. Nilienda kwa ule direkteri. Mbele ya bazazi benzangu akaniambia, "Mzee, hapa si Zaire," akaendelea kunywa chai yake. Nikarudi. Mpaka leo nikipita pale nauma meno.

Njo Sakina akasema, "Basi batasomea hapa." Unajua yeye alifika mwaka wa tatu wa segonderi, mimi niliishia primeri. Nyumba yetu iko na mulango mumoja, nilitengeneza mwenyewe. Sakina akakusanya mabuye ya radio, betri zilizokufa, akayavunja, ile weusi ya ndani akaitwanga na majani ya matembele, akapaka mulango upande wa nje. Ikawa tablo. Chaki ni kipande cha muhogo mukavu. Batoto banakaa mu kiwanja juu ya mbao zangu zilizobaki: Riziki, mudogo wake Saidi, na kale kadogo Zaina kanakokula chaki.

Asubui hesabu, kisha Kifaransa. Sakina anapika huku anafundisha, anapiga mwiko ku sufuria Saidi akisinzia. Na kwa Kinyarwanda tulikuwa na Mama Neema, jirani, Mushi, kabila ya kule Bukavu, ameishi Kamembe miaka mingi na anauza karanga ku soko. Yeye hakulipwa. Alikuja saa ya mchana, akifundisha Kinyarwanda, na batoto bake babili banakaa na bangu kusoma ile mengine. Anawachekesha. Anasema, "Nyinyi batoto ba Kongo, mutaongea Kinyarwanda mpaka ng'ombe wageuke kuwasikiliza."

Miaka mbili vile. Kuna siku narudi na njaa, jasho mpaka viatu, nataka kuingia mu nyumba yangu, na Riziki ananiambia, "Papa, ngoja, verbe inabaki mustari mumoja." Mulango umefungwa, juu ule njo tablo. Nasimama inje na musumeno begani, nangojea verbe ya Kifaransa. Mwanzo nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Ku atelier mwenzangu Issa alikuwa ananiuliza kila asubui, "Ramazani, leo bamekuruhusu kulala ndani ao ulifeli?" Na bengine banacheka, na mimi nacheka nao.

Mwaka huu kumekuja direkteri mupya, muntu wa Nyakarenzo, mupole. Sakina alienda kumuona mwenyewe. Akamuambia, "Mama, uniletee makaye yake yote ya hii miaka mbili. Nikiona kweli amefanya kazi, namuweka mwaka wa sita na atafanya egzameni ya serikali pamoja na benzake. Bila makaye, siwezi kueleza wakubwa bangu mutoto huyu ametoka wapi." Akatupatia siku: Jumatatu hii inayokuja. Sakina alirudi anakimbia kama musichana. Akakusanya makaye yote ya Riziki, daftari kumi na moja, akayafunga na mupira wa baisikeli, akaweka juu ya kabati. Mutoto alikuwa anaenda kuyatazama kama yanaweza kutoroka.

Sasa sikiliza.

Jumatano ya wiki iliyopita alikuja mzee mumoja wa Gitambi kuchukua mulango aliokomanda kwangu. Riziki alikuwa ameniletea chakula ku atelier. Fremu ya mzee iko na upana wa sentimetre makumi nane. Mimi nimegongomea mbao tatu za ishirini na tano, nimepiga randa, nimepaka rangi, nafurahi. Mutoto akatazama, akasema, polepole, bila ubaya, "Papa, tatu inafanya sabini na tano. Itabaki wazi sentimetre tano."

Mzee akapima na kamba. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Fundi, unanitengenezea mulango na ya panya pia?" Halafu akaangalia Riziki, akaangalia mimi, akasema, "Nimekosea muntu wa kulipa. Fundi ni huyu binti, wewe ni boyi yake."

Issa alianguka juu ya vumbi ya mbao kwa kucheka. Mimi nilimuambia Riziki aende nyumbani. Hakujua amefanya nini. Aliniambia, "Papa, kula ingali moto."

Kesho yake, Alhamisi, Sakina alikuwa amepeleka batoto kufua ku mutoni. Nikaingia mu nyumba. Nikatoa ile fungu ya makaye juu ya kabati. Unajua huku kaye ikishajaa bantu banaiuza ku soko kwa kufungia karanga na sambusa, kila nyumba inafanya, si kitu. Njo nilijiambia: yamejaa, ni makaratasi tu. Lakini nilijua, dada. Nilijua ni ya Jumatatu, nilijua direkteri anayangojea. Niliyapitisha chini ya koti kama mwizi mu nyumba yangu mwenyewe, nikampa muntu wa duka ku soko, akanipa kilo moja ya sukari.

Na ile sukari niliileta nyumbani. Riziki alikunywa chai, akaniambia, "Papa, leo umetufurahisha." Nikasema, "Kunywa."

Ijumaa Sakina akapanda ku kabati. Sitaandika vile alilia. Akapindua nyumba yote, akatoa mpaka majani ya godoro. Ananiuliza, "Papa Riziki, hukuyagusa?" Nikasema, "Mimi? Niyafanyie nini?" Nikainama nikatafuta chini ya kitanda pamoja naye. Nikatafuta, dada, na tochi.

Jumamosi Zaina akarudi na karanga za Mama Neema. Sakina akafungua ile karatasi, akaona mwandiko ya Riziki. Hakuvaa hata kitambaa ku kichwa. Akaenda mpaka soko, na mimi nyuma yake, na bamama bote bakasimama kutazama.

"Umetuma batoto bako banaiba makaye ya mutoto wangu, unafungia karanga?"

Mama Neema alikuwa na kikombe ya kupimia mu mukono. Akasema, "Sakina, haya makaratasi nimenunua ku duka, kama siku zote. Sikuyasoma, macho yangu haioni karibu."

"Duka litapata wapi kaye ya Riziki? Batoto bako njo bako banaingia kwangu kila siku."

"Batoto bangu banaingia kwako juu mimi nafundisha bako."

Halafu akanitazama mimi. Nikajua anangojea niseme neno moja. Nikaangalia karanga. Mumoja mu bale bamama akasema, "Mushi na mali ya watu," bengine bakacheka. Mama Neema akamwaga karanga zote mu gunia, akafunga biashara yake mbele ya saa. Toka ile siku batoto bake habaji tena, na Kinyarwanda imesimama. Sakina hatazami mulango wake. Ule mulango uko kimya siku ya tano, bado umeandikwa verbe ya Ijumaa.

Na Riziki? Anazunguka ku soko anaokota karatasi chini ya meza za bantu, anazifuta na kanga, anaziweka moja juu ya ingine. Nilimukuta jana anatafuta mu takataka ya bauza sambusa. Akaniambia, "Papa, nimefikisha kurasa kumi na saba." Nikakasirika. Nikamupigia kelele, nikamuambia arudi nyumbani, ananichafulia jina. Jina gani? Hasira yote ile ilikuwa yangu na mimi, na mutoto njo ameipokea.

Leo Issa amenunua sambusa, akanigawia mbili. Nikafungua. Karatasi imejaa mafuta lakini inasomeka. Ni hesabu, mwandiko ya Sakina juu: "Fundi Ramazani anatengeneza mulango wa upana sentimetre makumi nane. Mbao moja iko na upana wa ishirini na tano. Anahitaji mbao ngapi?" Na chini Riziki ameandika: "Mbao ine. Ile ya ine papa ataipunguza na musumeno." Sakina amekata neno papa na kalamu ya bik nyekundu, ameandika juu yake: fundi.

Nikageuza upande wa pili. Fundi Ramazani ananunua misumari. Fundi Ramazani anakata mbao ya libuyu mara tano. Miaka mbili, dada, mimi nasimama inje nanung'unika, na hesabu yote mu nyumba yangu ilikuwa juu yangu. Ile siku ya mzee wa Gitambi, mutoto alijibu hesabu ambayo mama yake alimupa. Na mimi sikufungua kaye hata moja. Nilizipima kwa uzito tu.

Nikaweka sambusa chini. Issa akauliza, "Sambusa imeoza?" Nikamuambia, "Nyamaza, Issa." Akarudi ku randa yake, juu hakuwahi kuniona vile.

Kuna kosa ingine ninayo toka zamani. Unakumbuka ulikuwa unasomea makaye yangu nyuma ya jiko, juu Mzee, baba yetu, alisema pesa ya masomo ni ya mutoto mwanaume? Unakumbuka ile dikte, ile imla, nilifanya makosa kumi na wewe mbili? Kesho yake Mzee akakuchapa, akasema unaacha moto unazimika juu ya kusoma, akakukataza kugusa kaye. Uliuliza miaka na miaka nani alimuambia. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilikuwa na aibu ya makosa kumi. Na leo unaandikisha barua zako kwa mutoto wa jirani, na hii pia anakusomea yeye. Wewe mutoto unayesoma, usiruke kitu. Soma na hii mustari kwa sauti.

Nilifikiri nimekuwa muntu mwingine kupita Mzee. Nina hasira naye, amekufa, na nina hasira nami, ningali hai.

Umuambie Mama Mudogo, ule anayeuza ndagala, kwamba namukumbuka. Musalimie shemeji, na shangazi anayekaa na wewe, na batoto bako bote. Na huyu musomaji wako mumupe chakula muzuri, barua ni ndefu. Papa Shabani mwenye kubeba barua hii anaondoka kesho asubui, kwa hiyo ikikufikia yote yatakuwa yamefanyika, ao utakuwa na haki ya kunitukana.

Leo mangaribi namuambia Sakina, na Riziki akiwa pale. Kesho kutwa, Ijumaa, nikitoka swala ya saa saba, nitaenda na Sakina mpaka meza ya Mama Neema, mbele ya balebale bamama, niseme jina la muntu aliyeuza makaye, kisha niombe batoto bake barudi. Akinimwagia karanga ku kichwa, sawa. Na Jumatatu, mbele ya kengele ya masomo, nitang'oa mulango wangu ku bawaba, niubebe ku kichwa toka nyumbani mpaka kwa direkteri, Riziki anatembea mbele na kurasa zake za mafuta. Nitausimamisha ku ukuta wake na nitamuambia: makaye niliuza mimi, baba yake, tablo ni hii, muulize mutoto kitu chochote unataka. Issa na benzake bacheke. Nyumba itashinda wazi ile siku, anayetaka kuiba aingie.

Mudogo wako,
Ramazani, fundi wa milango