Bolti nane za mashine ya Baba

Ijumaa, jioni. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi bila kutoa hata tone, na joto limenibana kama nguo ya mtu mwingine. Mikono inanuka chuma. Nimeiosha mara mbili kwa sabuni ya unga, bado inanuka.

Nina hasira na ndugu yangu. Nitaiandika hapa, maana nikiimeza tena itanitoa vidonda.

Kwa anayesoma mara ya kwanza: mimi ni mchomaji. Nachoma mbuzi na samaki kwenye harusi, matanga na harambee, popote tuktuk inapofika kutoka Kisumu. Nilianza na kajiko ka ukubwa wa sufuria kando ya barabara. Sasa nina jiko la mita moja na sentimita themanini kwa sentimita tisini, fremu ya tyubu za mraba, miguu minne inayofunguka. Chuma nilinunua mimi. Kuchomelea alichomelea Ouma, mdogo wangu, na kazi yake sikuwahi kuilalamikia.

Bolti nane za miguu zilitoka kwenye mashine ya kusaga unga ya marehemu Baba, kule Katito. Injini ilipokufa mashine ilisukumwa stoo, bolti zikabaki kwenye mkebe. Ouma akazichukua pamoja na nati zake, akaingiza nati ndani ya tyubu na kuzishika kwa kuchomelea. Tangu hapo ni kufunga na kufungua tu, na hakuna mguu uliowahi kutikisika.

Jumanne nilitoka sokoni nikakuta jiko limelala chini. Miguu imepangwa kando yake vizuri, imefunikwa gunia isinyeshewe. Bolti hakuna.

Mwizi gani anafunika kitu gunia?

Nilimpigia Ouma. Akanijibu polepole, kama anayemsomea mtoto. "Dada, mashine imepata mnunuzi. Injini anayo, lakini mashine anaitaka na bolti zake. Na wewe unajua tulivyokubaliana."

Tulivyokubaliana! Krismasi, nyumbani Katito, baba wadogo na ndugu zangu walikaa sebuleni wakaamua mashine ni ya wavulana. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na birika la chai. Kikao nilikisikia nusu nusu, nikiwa nimeinama. Nilipouliza, baba mdogo akasema, "Wewe una kwako." Ouma alikuwa anatazama kikombe chake.

Mashine ile niliiendesha mimi tangu mgongo wa Baba ulipoanza kumsumbua. Nilikuwa najua kwa sauti tu kama mahindi yana unyevu. Wavulana walikuwa shule, kwa karo iliyotoka kwenye unga ule. Kwa mume wangu naitwa Nyar Katito, binti wa Katito. Katito naambiwa nina kwangu. Sasa kwangu ni wapi, katikati ya daraja?

Na kesho nina harusi Ahero. Mbuzi watatu. Nikikosa kufika, jina langu limekwisha nyanda zote za Kano. Ningeweza kumwomba Ouma anisaidie. Afadhali nichome nyama nikiwa nimeshika jiko kwa mikono.

Jumatano nikaenda kwa Mama Wanjiru, anayeuza vyuma pale mjini. Nilikuwa nimepata nati moja ya akiba ndani ya ule mkebe wa bolti, ambao Ouma aliuacha kwangu. Akavaa miwani, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii ni nusu inchi ya uzi mwembamba. Ilikuja na mkoloni, ikarudi na yeye."

"Hata moja huna?"

"Nikiwa nayo nitaiweka kanisani, Mama. Chukua milimita kumi na mbili kama watu wengine."

Nusu inchi ni milimita kumi na mbili nukta saba. Hiyo nukta saba niliiona, nikajidanganya kwamba ni ndogo. Bolti zikaingia, zikazunguka, zikaonekana zimekamata. Nikapanga treya ya makaa juu. Mguu mmoja ukachomoka na treya ikatua palipokuwa na mguu wangu sekunde moja kabla.

Kwa hiyo nati za ndani ndizo zilizopaswa kutoka. Zote nane.

Jana nikapeleka fremu kwa Baba Brayo, fundi wa kuchomelea jirani yangu. Hakushuka hata kwenye stuli. "Nyar Katito, wewe unapenda shida. Tuchomelee miguu kabisa, usahau mambo ya bolti."

"Mlango wa stoo yangu ni sentimita sabini. Fremu ni tisini, miguu themanini na tano. Utaipitisha vipi?"

"Tuongeze mlango."

"Na tuktuk?"

"Hiyo sasa ni shida ya mtu wa tuktuk."

Nilicheka, sikutaka lakini nilicheka. Kisha nikamwomba grenda. Nikasaga matone ya chuma ambayo Ouma alishikilia nati zake kwayo, nikaingiza nondo kwenye mdomo wa tyubu na kuzigonga mpaka zikadondoka moja moja. Ngumu. Alizishika vizuri, huyo mjinga. Kila iliyotoka niliona kazi ya mtu aliyetaka jiko la dada yake lidumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya gunia.

Nati mpya huwezi kuishika ndani ya tyubu kwa kidole. Ukikaza bolti inazunguka nayo. Nikakata vipande vinne vya ukanda wa chuma vya kuingia ndani ya tyubu, kila kimoja cha nati mbili. Sikupima umbali wa matundu kwa tepu, kwa sababu miguu yenyewe haifanani. Nilifunga ukanda na nati zake moja kwa moja kwenye bamba la juu la kila mguu, Baba Brayo akachomelea nati kwenye ukanda hivyo hivyo, kisha nikafungua. Nikakunja ncha ya kila ukanda ishike mdomo wa tyubu usiteleze ndani. Nikaweka alama kwa tupa: mkato mmoja, miwili, mitatu, minne, kila ukanda na mguu wake.

Leo mchana nimekaza zote nane kwa spana namba kumi na tisa. Nimepanda juu ya fremu na kilo zangu themanini na nne, nikaruka.

Haikusema kitu.

Nilikuwa bado juu pale ujumbe wa Ouma ulipoingia. Nauandika ulivyo: "Dada, mashine inatetemeka mpaka ukuta unapasuka. Mnunuzi anataka kuirudisha. Ule mpira Baba alikuwa anaweka, ulikuwa mguu gani?"

Baba hakuwahi kuweka mpira. Niliuweka mimi. Mguu mmoja wa mashine ile ni mfupi kwa milimita sita; nililala kifudifudi sakafuni na rula ya shule nikautafuta, nikakata kipande cha tairi la trekta, na siku ile Baba alikunywa chai bila kikombe kucheza mezani. Wamegawana kitu wasichokijua kinasimamaje.

Nimeshuka kwenye fremu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza pia kumjibu kwa neno moja, kama dada mwema, nirudi kwenye birika langu.

Nimemwandikia hivi: "Jumapili nakuja Katito. Waite baba wadogo, wakae palepale sebuleni. Chai apike mtu mwingine. Nikishakaa kwenye kiti nitawaambia ni mguu gani."

Ameusoma.

Basi aendelee kufikiri. Mimi alfajiri naelekea Ahero, na jiko langu linasimama.