Mashine ya Nyota ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Juni

Kompyuta ya Baba mkwe imekataa kuwaka. Na leo hasa! Pankajam na mumewe wamekaa kibarazani tangu saa mbili, wameshika karatasi za kuzaliwa za binti yao Malar na za kijana wa mji wa Karaikal anayemposa. Wanataka kujua kama nyota zao zinapatana. Vipimo kumi; vikipatana chini ya sita, harusi hakuna.

Baba kabonyeza. Feni ikazunguka sekunde mbili – kimya. Kabonyeza tena. Kimya. Akatoka, uso mkavu, akawaambia saa ya leo si njema, warudi Alhamisi. Mnajimu mzima!

Nikamwambia: Baba, niifungue niitazame? Diploma yangu ya elektroniki imelala sandukuni chini ya sari tangu niolewe hapa, mwaka wa kumi huu.

Akajibu: mkwe wangu, angalia dengu zako, zinaungua.

Zilikuwa zinaungua kweli.

Jumanne, 7 Juni

Mume wangu Ilango, kabla hajaenda kuendesha basi lake, kaja na fundi kutoka mjini. Fundi hakutoa hata bisibisi. Kasema: hii ni ya makumbusho, mzee, tupa, nunua mpya. Baba: na familia elfu kumi na moja zilizomo humo nizitupe pia? Miaka kumi na sita kaziingiza moja moja, kwa kidole kimoja. Programu yenyewe aliandikiwa na rafiki yake, marehemu sasa. Haikubali mashine nyingine. Nakala – hakuna. Fundi kacheka, kaenda zake.

Mchana Baba akajaribu kupiga hesabu kwa mkono, kalenda ya nyota huku, kioo cha kukuzia huku. Lakini ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akakosea, akafuta, akakosea. Akachana karatasi. Wali hakuugusa.

Basi. Kesho naifungua.

Jumatano, 8 Juni

Baba kalala baada ya chakula. Nikachomoa plagi, nikachukua bisibisi na brashi ya rangi. Vumbi la kupandia mchicha! Mayai mawili ya mjusi kwenye kona. Nikaingia kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha umeme – na hapo ndipo penye ugonjwa. Kapasita tatu zimevimba vichwa kama idli, vile vitumbua vyetu vya mvuke! Nikapiga kelele ya furaha.

Kelele ikaniponza. Baba huyo mlangoni. Mimi sakafuni, mashine yake matumbo nje. Nikangoja radi.

– Hivyo vilivyovimba ni nini?

– Kapasita, Baba. Zinatuliza umeme. Zimekufa.

– Zinauzwa?

– Mjini Kumbakonam zipo.

Akavuta kiti, akakaa. Akachukua tochi akanimulikia. Pembeni kabisa ya nilipokuwa nafanya kazi, lakini akanimulikia.

Alhamisi, 9 Juni

Muuza vipuri aliniuliza: mumeo kakutuma za volti ngapi? Nikamwambia mume wangu anajua gia na breki. Anayezitaka ni mimi, volti kumi na sita, na usinipe hizo zilizokaa dirishani zikipigwa na jua. Akazihesabu.

Chuma changu cha kulehemu bado kinashika moto! Kidole kimeungua, si kitu. Saa tisa nikabonyeza. Feni inazunguka – inaendelea kuzunguka! Baba akaunganisha viganja. Kisha: piii, piii, piii. Kioo cheusi. Memori hiyo, ndiyo inayolia.

Pankajam kaja, kazisikia hizo piii tangu nje. Kasema kwa mnajimu Seshadri, mtaa wa pili, jibu ni dakika tano, na mashine yake hata inaongea. Baba: basi nenda ukaongee nayo. Hakuenda. Ila wale wa Karaikal wanataka jibu kesho jioni, la sivyo wanatazama msichana mwingine.

Ijumaa, 10 Juni

Vipande viwili vya memori. Nimesugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Piii. Nimechomoa kimoja. Piii. Nimekirudisha, nimechomoa cha pili – kioo kikawaka! Lakini inadai mwaka ni 1980, na diski haiioni. Betri yake ndogo imekwisha, imesahau kila kitu. Mbio hadi kwa mtengeneza saa, nikapata mpya. Namba za diski nikazisoma kwenye lebo, Baba anazirudia nyuma yangu kama yuko hekaluni, mimi naziingiza.

IMEWAKA! Majina yote yamo. Baba kalia. Kaenda kuoga, awaite akina Pankajam akiwa safi. Wewe jaribu majina yoyote, kasema, tuone kama hesabu ni sahihi.

Nikaandika langu na la Ilango. Tarehe nyingine za kuzaliwa nazijua zipi?

Tatu kati ya kumi.

Karatasi ambayo Baba mkwe alimpelekea baba yangu kabla ya harusi ilisema nane. Nikarudia. Tatu. Labda memori inaharibu hesabu? Nikafungua faili letu la zamani, la mwaka wa uchumba. Tatu.

Baba kasimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Nikaitaja namba. Hakuuliza ni ya nani. Nilihesabu mara tano, mwanangu, akasema. Mara ya sita nikamtazama Ilango usoni, nikachukua kalamu, nikaandika nane.

Miaka kumi! Ilango huninunia siku moja, ya pili anakuja na maua ya jasmini na maneno mengi. Tatu hiyo? Sijui nicheke au nigombe.

Jioni, siku hiyohiyo

Naandika nimesimama jikoni. Wako kibarazani – Pankajam, mumewe, Malar mwenyewe. Malar kanifuata hadi kwenye mashine, kaninong'oneza: dada, nimeongea naye kwenye simu mara mbili tu, lakini naomba zipatane.

Jibu liko kwenye kioo. Nne.

Baba hawezi kulisoma hata akibandika pua. Sijachapa. Nimesingizia kahawa.

Kaita: mkwe, ngapi? Nikaendelea kukoroga maziwa. Kaja mwenyewe hadi mlangoni. Nne, Baba, nikasema chini chini. Akageuza uso kibarazani. Kisha akasema leo kalamu ananiachia mimi. Karatasi nikaitoe mimi, na nikaisome mimi.

Maziwa yamepanda. Vikombe vitano. Malar ananichungulia kutoka mlangoni. Natoka sasa –