Siku Niliyomnyamazisha Zaituni

Ijumaa. Baridi ya Katesh, na ule upepo unaoshuka mlimani tangu alfajiri bila kupumzika. Angalau mvua hakuna, kwa hiyo hatuuangalii mlima kila saa kama tulivyozoea tangu lile tope lilipoporomoka kutoka huko juu na kufunika mji.

Nimechoka. Naandika hivyo kila wiki, najua, na anayesoma blogu hii anaweza kudhani nilizaliwa nimechoka. Lakini leo miguu haina tatizo, mgongo hauna tatizo. Leo kilichoniponza ni ulimi.

Kwa wasionijua: nafundisha bayolojia na kemia kwenye sekondari ya Kiislamu hapa mjini. Mimi ni Mkristo, mtoto wa wakulima wa Mbulu, na huu ni mwaka wangu wa nne. Mtandio naubeba kwenye pochi, naufunga getini asubuhi, naufungua getini jioni. Mama yangu bado hajauzoea. Akipiga simu, kabla sijamaliza shikamoo, anauliza kama bado nafunga kile kitambaa. Namjibu ndiyo, Mama, na kinanikinga upepo.

Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi masomo ya ziada ya kidato cha pili. Ni saa moja kila siku baada ya swala ya alasiri, kwa wale wanaoyumba. Wanakuja wakiwa wameamka saa kumi alfajiri kuswali na kuhifadhi Kurani, wamekaa darasani tangu saa mbili, halafu wananikuta mimi, nami nimebakiwa na chaki na hasira. Hakuna aliye mzima chumbani humo.

Zaituni ni mmoja wao. Ana miaka kumi na tano, anatoka Getanuwas, kwa wafugaji. Nyumbani kwao wanaongea Kidatoga. Kiswahili alikikuta shule ya msingi, Kiarabu alikikuta madrasa, Kiingereza alikikuta huku kwetu, na vyote vinamsubiri kila asubuhi. Baba yake alisilimu zamani akiwa anahamisha ng'ombe upande wa Singida, akaapa kwamba mtoto wake mmoja lazima asome dini na dunia kwa pamoja. Mtoto huyo ndiye Zaituni. Ameshahifadhi juzuu tatu. Akisoma asubuhi, hata wapishi wanapunguza kelele za masufuria. Mimi huwa nasimama kwenye kibaraza cha ofisi, sielewi neno hata moja, na sitaki amalize.

Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya wazazi. Zaituni ndiye aliyepangwa kufungua shughuli kwa kusoma sura moja ndefu, bila msahafu. Baba yake ameshatuma ujumbe kwamba anakuja na ndugu zake wanne. Mzee huyo hajakanyaga shuleni tangu siku aliyomleta.

Sasa, nilichofanya.

Jumanne ya wiki iliyopita, kwenye masomo ya ziada, niliuliza usanisinuru ni nini. Zaituni akasimama, akafumba macho, akaanza kuyumba taratibu mbele na nyuma, na akatoa maelezo ya kitabu kwa Kiingereza, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti ileile ya asubuhi. Hakukosea hata nukta. Nikasema haya, eleza kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili. Akafumba macho, akaanza tena mwanzo. Nikauliza mara ya tatu. Akaanza tena.

Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilikuwa na madaftari ya madarasa mawili sijayasahihisha. Hizi si sababu, naziandika tu kwa kuwa zilikuwepo.

Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Zaituni, hapa si madrasa. Acha kuniimbia! Unasema vitu hujui hata maana yake."

Hakuna aliyecheka. Kidato cha pili hucheka hata chaki ikidondoka, lakini siku hiyo wote walitazama madawati. Zaituni akafumbua macho, akakaa.

Wazee husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa nikaendelea na somo. Nikachora jani ubaoni na mishale yake, mshale wa jua, mshale wa hewa, mshale wa maji. Nikikumbuka, sehemu inayoniudhi zaidi ni hiyo mishale.

Jumatatu hii Ustadh Idrisa alinifuata ofisini. Ni mtu wa Kondoa, mpole, ndiye anayewasomesha dini na kuwasikiliza wanaohifadhi, mmoja mmoja, kila alfajiri. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, za Mama, za mahindi ya Mbulu, hadi nikajua kuna jambo. Kisha akasema Zaituni hasomi. Tangu Jumatano iliyopita anakaa mbele yake, anafungua mdomo, hakitoki kitu. Amemwomba Ustadh atafute mtu mwingine wa kufungua siku ya wazazi.

"Watoto wamenieleza," akasema. "Mwalimu, sisi hatuimbi. Tunasoma. Najua hukujua."

Angenigombeza ningejitetea. Nilikuwa nimeshaandaa ya kusema: silabasi, mtihani wa taifa, hicho Kiingereza. Alivyosema hukujua, nikakosa pa kushika.

Naungama hapa kwa sababu ofisini sikuweza. Nilijua. Hilo la kuimba na kusoma kweli sikulijua, lakini nilijua kwamba nataka kumuumiza. Mwalimu aliyechoka anaona pa kupiga, na anapiga.

Na kuna baya zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa Zaituni. Kwetu tuliongea Kiiraqw tu, nikafundishwa katekisimu kwa Kiswahili kabla sijakijua Kiswahili. Nikiwa na miaka minane nilimjibu katekista maswali yote bila kukosea, na sikujua nimesema nini. Hakuna aliyenisimamisha mbele za watu kuniambia hivyo. Walinipigia makofi, nikapewa pipi, na maana ikaja yenyewe baadaye, polepole, kwa miaka yake.

Jumanne sikwenda kumtafuta. Jumatano sikwenda. Alhamisi nilifika hadi mlango wa bweni, nikajifanya nimekuja kuuliza funguo za maabara. Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi si jambo tulilofundishwa chuoni, wala nyumbani sikuwahi kuliona. Mwenzangu mmoja ofisini alinishauri niache, watoto husahau. Mtoto mwenye juzuu tatu kichwani, asahau sentensi yangu moja?

Leo asubuhi nikaona nikisubiri tena nitazeeka nalo. Kwenye kipindi cha bayolojia nikasimama mbele ya darasa zima, maana nilimwaibisha mbele ya darasa zima. Nikasema nilikosea, nikalitaja neno lenyewe nililokosea, nikasema Zaituni, nisamehe.

Zaituni alisimama. Wanasimama wakiongeleshwa, hata wakiwa ndio wanaoombwa msamaha.

"Madamu, nilishasamehe siku ileile," akasema. "Sio hilo. Ulisema sijui maana. Ni kweli, sijui. Sasa nikianza kusoma kwa Ustadh nasikia tu hilo, sijui maana, sijui maana. Sauti inakatika."

Wiki nzima nilidhani amenuna. Nikamwambia akae, kwa sababu ndicho tunachosema tukikosa la kusema.

Hakukaa. Akaanza kutafuta maneno ya Kiswahili, moja moja, akiangalia dirishani: "Madamu, na lile la majani. Kama jua ndiyo linapikia majani chakula, mbona kwetu kiangazi jua ni jingi na nyasi zinakufa?"

Miaka minne hapa, na swali ninaloulizwa ni moja tu: madamu, hili litatoka kwenye mtihani? Nilifurahi hadi nikaona aibu. Nikakaa kwenye dawati la mbele, pembeni ya wanafunzi. Nikamuuliza, huko kwenu kiangazi, nyasi zinabaki wapi mpaka mwisho? Akasema kwenye korongo. Kwa nini kwenye korongo? Akafikiri. Darasa likafikiri. Mmoja wa nyuma akapayuka, "Maji!" Zaituni akageuka, akamkazia macho, kwa sababu alitaka kulisema yeye.

Tulibaki hapohapo kipindi kizima. Silabasi haikusogea hata mstari.

Kengele ilipolia nilimpeleka kwa Ustadh Idrisa, nikamweleza yote. Nilidhani atakasirika kwamba swali la maana limemfikia msomaji wake bora kwa kupitia kwangu, tena kwa ukali. Akatandika mkeka. Kisha akasema maana ilikuwa ije, yeye alipanga wamalize kwanza kuhifadhi, lakini mgeni akishabisha hodi hafukuzwi. Wakakaa kwenye mkeka. Akachagua sura fupi, ya aya tatu tu, akamweleza neno kwa neno. Mimi nilikaa mlangoni. Ustadh aliposema maana ya neno la kwanza kwa Kiswahili, Zaituni alilirudia kwa Kidatoga, kimyakimya, midomo inacheza. Kisha la pili. Lilipokataa alirudi nyuma, akalitafutia lingine.

Halafu akasoma. Sauti ilikuwa ndogo na ina mikwaruzo, siku tisa za kunyamaza si mchezo, lakini ilitoka.

Ameamua kwamba siku ya wazazi atasoma hiyo tu. Ile ndefu hapana, mpaka aijue. Ustadh amekubali. Mkuu wa shule amekunja uso, kwa sababu ratiba imeshaandikwa, ila naye amekubali.

Lakini kuna baba yake. Anatoka Getanuwas na ndugu wanne ili wamsikie binti yao akisoma sura ndefu, na huko ameshatangaza. Atasikia aya tatu, dakika haijaisha, mtoto ameshakaa. Mzee huyo hasomi, lakini kirefu na kifupi anavijua. Zaituni ameniambia anaogopa kitu kimoja: baba ataona kwamba amerudi nyuma, na atamchukua waondoke naye siku hiyohiyo.

Ustadh alijitolea kumweleza mzee. Nikasema hapana, nitamweleza mimi. Nilisema haraka, kabla uoga haujafika.

Sasa nimekaa chumbani kwangu, mtaa wa Jorodom, jua bado lipo, na najaribu kutunga nitakavyosema. Nitaanza na shikamoo, mzee. Nitasubiri marahaba yake, kisha habari za safari, za ng'ombe, za malisho, hadi ziishe zote, maana mtu hawezi kuziruka. Halafu? Nimeandika sentensi nyingi na kuzifuta. Zote zinaanza na Zaituni. Zaituni ameuliza, Zaituni ameamua, Zaituni anataka kujua maana. Ni maneno mazuri, na ni ya kweli, na yote yananificha mimi nyuma ya mtoto.

Kwa hiyo itakuwa hii, na sitaipamba. Mzee, binti yako alikuwa anasoma vizuri, mimi nikamnyamazisha. Hizo aya tatu ulizosikia leo anazijua maana, kila neno, hata kwa lugha yenu, muulize. Usimchukue. Kama kuna mtu wa kuondoka hapa leo, ni mimi.

Hiyo sentensi ya mwisho nimeiandika bila kufikiri. Nimeirudia kuisoma mara mbili, nikapeleka kidole kwenye kufuta.

Naiacha.