Uchovu Ule Ulikuwa Ugonjwa, Mama

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa barazani hapa Ruponda, mgongo nimeuegemeza ukutani, maana kuosha vyombo vya asubuhi tu kumenimaliza. Wewe ungenielewa bila maelezo. Watu wengine nimechoka kuwaeleza.

Nakumbuka kule Malolo, msimu wa korosho, tukiokota mimi nawe. Unainama, unaokota chache, kisha unakaa chini ghafla na kushika kifua. "Moyo unakimbia," uliniambia. Ukavua kandambili, ukasema miguu imekufa ganzi kama si yako. Nikakusugua nyayo. Ukacheka kidogo, ukanihimiza niendelee kuokota kabla shangazi hajatuona, maana yule dada yake baba hakuwa na simile. "Wifi yangu mvivu," alikuwa akisema, hata mbele ya wageni.

Zahanati ulikwenda. Kiswahili chako kilikuwa cha kununulia chumvi dukani. Mambo ya mwilini uliyasema kwa Kimwera. Nesi alipokuuliza unaumwa nini, ulijibu neno moja: "Nimechoka." Akakupa vidonge vya kuongeza damu. Vikaisha, ukapewa vingine. Ulimi ukawa mwekundu na laini, mboga yenye pilipili ikakushinda. Ukaanza kutembea kwa kushika kuta, mwishowe hukutembea tena. Tulikuzika bila kujua jina la kilichokuondoa.

Kisha ikaja kwangu, mama. Ilianza na kizunguzungu tukivuna ufuta, halafu moyo kwenda mbio, halafu miguu. Mume wangu, Baba Rehema, alinipeleka kupimwa. Wakasema damu iko sawa, madini ya chuma yapo ya kutosha, nipumzike. Nilipumzika mpaka nikachoka kupumzika. Tukarudi, majibu yale yale. Majirani wakasema majini. Siku moja Baba Rehema, mtu mpole vile, akaniuliza huku akitazama pembeni, "Au umenichoka mimi?" Sikuwa hata na nguvu ya kugombana naye. Nililia tu.

Nilipata msaada kwa bahati. Tulikwenda msibani Ruangwa, nikaanguka nikiwa nachambua mchele na wenzangu, wakanikimbiza hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo. Alinitazama ulimi, akanipitisha pamba kwenye nyayo nikiwa nimefumba macho. Sikuihisi. Akauliza, "Mama yako aliwahi kuwa hivi?"

Nikamweleza habari zako zote. Hakunikatisha.

"Damu haihitaji chuma peke yake," alisema. "Huenda umepungukiwa vitamini, ile B12. Ama huipati kwenye chakula, ama tumbo lako haliichukui. Tupime."

Damu yangu ikapelekwa mbali, na majibu yaliporudi vitamini hiyo ilikuwa chini sana. Sasa nachomwa sindano. Kwa nini ilipungua bado wanatafuta, na daktari ameniambia ukweli kwamba ganzi huenda isiishe yote. Kizunguzungu kimepungua. Uchovu unaondoka kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Na mama yangu?" nilimuuliza daktari.

"Siwezi kuapa, sikumwona. Lakini inafanana sana."

Nilitoka pale nikaenda Malolo kwa shangazi. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nikamweleza taratibu, nusu Kiswahili nusu Kimwera, mpaka akaelewa.

"Kumbe wifi yangu alikuwa anaumwa," akasema.

"Alikuwa anaumwa, shangazi."

"Na alilima hivyo hivyo?"

"Alilima hivyo hivyo."

Akajifunika uso kwa khanga. Nilidhani nitafurahi kuyasikia hayo, mama, nimeyangoja tangu utotoni. Sikufurahi. Nilikaa karibu yake tu, sote wawili tukiwa hoi, mpaka jua likapungua makali.

Kuna siku nakasirika kwamba mimi nimepata aliyeniuliza swali la pili na wewe hukumpata. Hasira nayo inataka nguvu, kwa hiyo haidumu. Kinachobaki ni hamu ya kukaa nawe tu, bila mmoja wetu kujitetea.

Lala, mama. Huko uliko hakuna wa kukuamsha uende shambani.

Mimi binti yako,
Mama Rehema