Mita Iliyokuwa Ukutani Kwako

Dada Mama Rajabu, uliyetutangulia,

Safari hii sianzi na shikamoo, kwa sababu hakuna wa kuniitikia marahaba. Kwa miaka kumi na tisa nilikuamkia kila asubuhi, hata zile asubuhi ambazo hatukuwa tunaongea. Uliitikia zote. Hilo nalikumbuka vizuri.

Nataka kukueleza habari ya mita.

Umeme ulipofika Ihanja, mume wetu aliweka mita moja kwa nyumba mbili. Hakuniuliza mimi, na sidhani kama alikuuliza wewe. Ilifungwa kwenye ukuta wa ubavuni wa nyumba yako, ikaandikwa jina lako kwa kuwa ndiwe mke mkubwa, kisha waya ukavuka uwanja ulipokuwa ukianika alizeti, ukaja kwangu. Swichi kubwa ilikuwa sebuleni kwako, nyuma ya pazia. Nilikuwa mwalimu, nina mshahara na cheti, lakini taa yangu ilikuwa mkononi mwako.

Uliizima mara mbili. Mara ya kwanza sijui kwa nini. Mara ya pili najua, maana uliniona na hita. Ilikuwa Jumapili mchana, nanyoosha sare za shule za mwanangu Asha, pasi ikapoa. Nilitoka nje nikakukuta umekaa na ungo wako unapepeta mtama, hata hukuinua macho.

"Umeme wangu hauchemshi maji ya mtu ya kuoga," ulisema.

Nilirudi ndani. Hita niliirudisha dukani kesho yake, na sikukuambia.

Lakini na wewe ulikuwa na shida yako. Tukinunua umeme, namba zilikuja kwenye simu yangu, tarakimu ishirini, na rimoti ya kuziingizia ilikuwa sebuleni kwako, na hukujua kusoma. Kwa hiyo hata tukinuniana wiki nzima, umeme ukiisha ilibidi uite: "Mwalimu, njoo utie umeme." Nilikuja, nikabonyeza, nikatoka. Siku moja ulikuja ukasimama nyuma yangu ukanyoosha kidole.

"Hii iliyo kama jembe ni ngapi?"

"Saba."

"Na hii yenye matumbo mawili?"

"Nane."

Hatukuwahi kukubaliana kwamba ninakufundisha. Kila umeme ulipoisha ulijua tarakimu mbili tatu zaidi, na mwaka ule wa mvua nyingi ukawa unabonyeza mwenyewe, polepole, ukitaja kila namba kwa sauti, mimi nimekaa kwenye kiti. Baadaye ukataka kuandika jina lako. Nilikupa daftari la Asha lililobaki kurasa, ukaniambia nisimwambie mume wetu. Sikumwambia. Alikufa bila kujua kwamba mkewe mkubwa anaweza kuandika Zuhura.

Eda tulikaa pamoja sebuleni kwako, miezi minne na siku kumi, kila mmoja kwenye mkeka wake. Sikumbuki kama tulisema jambo lolote kubwa. Ulipomaliza, Rajabu alikuja akakuchukua, akakujengea chumba kwake Igunga. Ulifunga mlango, ufunguo ukanipa mimi, ukapanda gari.

Mwaka uliofuata mama yangu alianguka akiteka maji kisimani kule Sepuka, akavunjika nyonga. Hakuweza tena kukaa peke yake. Nikaamua kuongeza chumba na choo cha ndani upande wa kwako, kwa sababu upande wa pili ni njia ya ng'ombe wa jirani. Fundi alichimba msingi, akapandisha tofali hadi usawa wa dirisha, kisha akaja kunigongea.

"Mwalimu, hapa nasimama. Chumba hiki kinagusa ukuta wa ile nyumba. Tukipaua, mita itabaki ndani, juu ya kitanda cha bibi."

Nilikwenda ofisi ya umeme mjini. Karani alinieleza kwa upole kwamba mita haihamishwi na fundi wa mtaani, wanaihamisha wao, na anayeomba ni yule ambaye jina lake liko kwenye mita. Aje mwenyewe na kitambulisho.

Nikampigia Rajabu. Aliniamkia vizuri, akasikiliza, halafu akasema:

"Mama mdogo, unaanza na uwanja, sasa unataka mita. Ukimaliza hapo utabakiza nini cha mama?"

Nilimwambia fundi apumzike, na mama akaendelea kulala sebuleni kwangu, akijisaidia kwenye ndoo, jambo ambalo alilionea aibu sana.

Hukunitaarifu kwamba unakuja. Nilirudi kutoka shuleni Alhamisi nikakukuta umeshika fimbo, umesimama ndani ya ule msingi, Rajabu pembeni yako kakunja mikono kifuani. Nilikuamkia. Uliitikia.

"Chumba cha nani?" ukauliza.

"Cha mama. Hawezi tena kukaa Sepuka."

Uliangalia mita, ukaangalia tofali. Uwanja wako wa alizeti ulikuwa umebaki kipande kama cha mkeka mmoja. Nilisubiri useme juu ya hilo. Ukamgeukia Rajabu.

"Mimi nina wewe, umenijengea. Mama wa huyu atajengewa na nani?"

Uliingia kwangu ukakaa na mama yangu hadi saa kumi na moja, na sijui mliongea nini. Mama alisema tu kwamba una mikono ya moto.

Ijumaa tulikwenda mjini wote watatu. Karani alikuletea kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Ukakisukuma pembeni, ukaomba kalamu. Ulichukua muda mrefu kuandika jina lako, na watu wa nyuma yetu walianza kuguna. Rajabu aliinama juu ya ile karatasi akasoma herufi sita za mama yake, akatoka nje. Nilidhani kakasirika. Baadaye nilimwona dirishani anafuta uso kwa mkono wa shati.

Karani akauliza mimi ni nani kwako, ili aandike kwamba nitashughulikia ombi. Mume hayupo, sikujua bado naitwa nani.

"Andika mke mwenzangu," ulisema. "Aliyekufa ni mume. Sisi tupo."

Mafundi wa ofisi walikuja wiki ya pili. Walikata lakiri inayozuia mita isifunguliwe, wakaiteremsha, wakaifunga kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yangu, waya mpya kutoka kwenye nguzo. Ilichukua asubuhi moja. Swichi kubwa ikahamia kwangu, na waya wa kwenda kwako sasa unatokea kwangu. Nilikupigia kukuambia, ukacheka kidogo.

"Basi zamu yako ya kuzima."

Hukuwahi kurudi kulala hapa, kwa hiyo zamu hiyo haikufika.

Ulipofariki nilikuja Igunga, nikakaa na wanawake wa nyumbani kwako hadi matanga yakaanuliwa. Watu walinipa pole, nami nikaipokea. Sikulia msibani. Nililia kwenye basi wakati tunapanda mlima wa Sekenke, si sana, aliyekaa kando yangu hakugundua. Sitaki kukudanganya kwamba tulikuwa marafiki. Tulikaa boma moja, na mtu akikaa hivyo miaka mingi huwa anaacha nafasi akiondoka.

Baada ya arobaini Rajabu alinipigia. Aliniambia nyumba yako ataipangisha, na mita niihamishie jina langu, kwa kuwa yeye yuko mbali na mimi ndiye niliyepo. Alinitumia barua na cheti cha kifo chako. Jumatatu nimekwenda. Karani, yule yule, aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Nikatia saini.

Jana nimenunua umeme, ujumbe umekuja na jina langu. Nimeingiza namba, taa ya chumbani kwa mama imewaka, naye akaniuliza kama chai iko tayari.

Mita sasa ni yangu, dada. Nimeona nikuarifu kama ulivyokuwa ukiniarifu wewe, kwa maneno machache na bila kuomba radhi.

Mungu akulaze pema.

Mke mwenzako,
Mama Asha